Kanga Zangu Kwenye Maonyesho ya Boti

Ndugu wasomaji, chekeni tu, nami nimeshajicheka vya kutosha. Miaka ile ya themanini mume wangu, Charo, alinitoa Malindi kwa boti yetu ndogo ya tanga, matembezi ya siku mbili, hadi Kilifi kwenye maonyesho ya boti. Mawimbi yaliturowesha tangu Watamu. Tulipofika, Charo akaenda kutazama mashine. Mimi nikazunguka kidogo, nikachoka, nikarudi botini. Nikaanika kanga zangu mlingotini, nikajilaza.

Mara bwana mmoja na mkewe wakapanda.

"Hata hodi hampigi?" nikawauliza.

"Tunaangalia tu, mama."

"Kwangu si dukani. Teremkeni!"

Wakateremka wakiomba radhi, nami nikajiona shujaa. Kisha akaja kijana mwenye tai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nawe wataka nini?"

"Naomba usinifukuzie wateja. Boti hii naiuza mimi."

Nikainua kichwa. Boti ya tatu kutoka pale, nyeupe kama ile niliyolalia, Charo alikuwa amesimama akiniita kwa jina, na watu wote wa maonyesho wakimsaidia kuita.