Pipa la Mfereji na Vidole vya Mavyaa Wangu

Mwanangu, mjukuu wangu, ipo asubuhi moja ambayo hainitoki kichwani, ingawa mengi ya ujana wangu yamekwisha kunipotea. Ni asubuhi ile sufuria la maji moto la nyumba yetu ya Msambweni lilipopasuka kitako na kuzima moto wote. Jana nimeikumbuka tena, niliposikia wewe na mwenzio mkibishana ni mtambo gani wa kuchemshia maji muweke bafuni, kwa kuwa ule wa zamani umekufa. Keti basi nikuhadithie kabla hamjaenda dukani. Chai ipo, na mimi siku hizi sina pa kukimbilia.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza angali anatawala. Nilikuwa nimetolewa kwetu Mkwiro, nikaletwa kwa mume wangu Bakari, ambaye alikuwa mpishi katika nyumba ya Wazungu kule Diani. Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, Bakari, na mavyaa wangu, yaani mama yake Bakari, jina lake Mwanakombo. Mama yangu mzazi alikwisha kufariki, na mimi nilikuwa na mimba ya kwanza. Kwa hiyo siku ya kujifungua, na siku arubaini za uzazi baada yake, sikuwa na mwengine wa kumtegemea ila huyu mavyaa.

Wewe hukuziona arubaini za wakati wetu. Mzazi aliogeshwa kwa maji moto yaliyochemshwa na majani, akakandwa tumbo na kiuno asubuhi na jioni na mtu anayejua kukanda, mpaka mwili urudi mahali pake. Asiyekandwa vizuri alilalamikia kiuno maisha yake yote. Mavyaa wangu alikuwa na mikono ya kazi hiyo, na wanawake wa mtaa mzima walimfuata. Mimi nilikuwa nimeolewa kwenye nyumba yenye mikono ile, na nikijiona nina bahati.

Lakini baridi yabisi ilikuwa imemshika vidole. Kila alfajiri vilikuwa vigumu, hawezi hata kujifunga leso, mpaka vipate maji ya moto. Basi kazi yangu ilikuwa kuamka kabla ya adhana, kuwasha makumbi ya nazi chini ya sufuria, kisha kummiminia kwa kata akitia udhu. Tukimaliza, hukaa kidogo na kuzungumza, yeye akivinyoosha vidole kimoja kimoja. Sikufichi, niliona taabu. Mimi ni mtu wa usingizi tangu kuzaliwa, na mimba ikanizidishia. Kuna siku nilimmiminia nusu nimefumba macho, maji yakaishia miguuni pake, naye akacheka tu.

Sufuria lenyewe lilikuwa la shaba, pana, limekwisha kulehemiwa pote. Lilipopasuka safari hii tulilipeleka kwa fundi. Akatazama mwangaza kupitia kitako chake, akaturudishia, akasema, "Hili lisomeeni hitima."

Bakari hakuhuzunika hata kidogo. Kwa siku nyingi alikuwa ameona Mombasa, katika duka moja la vyombo, pipa la bati nene lenye mfereji mbele na tumbo la kutilia makaa chini. Ukilijaza jioni na kulitia makaa, asubuhi maji yangali moto, mtu anafungua mfereji tu na kujitekea. Aliponieleza, nilisikia neno moja tu, nalo ni kulala. Tukakubaliana upesi, jambo ambalo halikuwa la kawaida yetu.

Jioni ile Bakari akamwambia mamake, "Mama, twakuletea chombo cha kisasa. Hutangoja tena mtu akuchemshie maji."

Mavyaa akasema, "Vyema, baba. Mungu akuzidishie."

Sisi tukaona tumemuuliza na yeye amejibu. Mwanangu, katika watu wetu mzee hamvunji moyo mtoto anayetaka kumfanyia hisani. Atasema vyema hata ukimletea kiatu cha mguu mmoja. Nililijua hilo tangu utotoni, maana hata babangu alikuwa vivyo hivyo, lakini siku ile nilijifanya silijui.

Pipa likaja kwa basi, na Bakari akalibeba kichwani kutoka barabarani mpaka nyumbani, watu wakitoka milangoni kumtazama. Majirani walikuja kuliona, wakafungua mfereji, wakafunga, wakafungua. Mavyaa alilisifu mbele ya wote. Bakari kila akirudi kazini alilipangusa kwa kitambaa. Mimi mkewe sikuwahi kupanguswa hivyo. Nami nikawa nalala mpaka jua lichungulie dirishani. Jioni nikilijaza, naona maji yaliyopungua ni yale tuliyooga mimi na Bakari, nikadhani chombo kipya kina baraka ya kutopunguza maji. Akili za usingizi hizo.

Haukupita muda mrefu mavyaa akasema anataka kwenda Kibuyuni, kwa binti yake, akakae huko kidogo. Akaanza kukunja leso zake na kuzitia kwenye kikapu. Tumbo langu lilikuwa limekwisha kuwa kubwa, nikawaza, mama huyu nimemkosea nini hata anaondoka wakati huu? Nikahesabu kila nililosema na kila nililopika. Nikamwambia Bakari, naye akasema mamake amemkumbuka bintiye tu, nisijisumbue. Nilinuna, nikalala nimempa mgongo.

Alfajiri moja mtoto tumboni akanipiga teke mpaka nikaamka. Nikasikia vishindo uani, nikaenda mlangoni. Mavyaa alikuwa amekaa juu ya kigoda mbele ya pipa. Amezungushia pembe ya leso kwenye mfereji, ameushika kwa mikono miwili, anajaribu kuufungua. Hakuweza. Akapumzika, akajaribu tena, akauacha. Kisha akageukia mtungi wa maji ya baridi, akachota kwa kata iliyokuwa imeegemea kwenye kiganja, si vidoleni, akaanza kutia udhu. Maji yalipomgusa mikono alifumba macho na kutaja jina la Mwenyezi Mungu taratibu. Niliona haya ambayo sijapata kuyaona tena.

Nikamngoja amalize, nikatoka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema hivi? Kalale."

"Mama, siku zote hizi watawadha kwa maji ya mtungi?"

Alikuwa akijifuta mikono. "Mfereji mgumu kidogo," akasema.

"Kwa nini hukuniita nikufungulie? Kwa nini hukumwambia Bakari?"

"Mwanangu kalibeba kichwani, watu wote wakiona. Nimwambie halinifai? Nawe una mtu wa pili wa kumlaza. Niwaamshe nyote kwa mfereji?"

Nikashindwa kujizuia, nikalia. Nikamwambia, "Na kwa hilo ndiyo wanikimbia waenda Kibuyuni, uniache nizae peke yangu? Nani atanikanda mimi?"

Alinitazama kwa mshangao, akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi na vimevimba viungo, hata kunifumbata havikuweza. "Sikukimbii," akasema. "Ni kwa ajili yako naenda. Kwa binti yangu sufuria la zamani lipo, na wajukuu wa kunichemshia maji. Nilisema nikavitie moto huko vidole hivi, vilegee, nirudi kabla ya siku yako. Vikikaa hivi, arubaini yako nitaikanda na nini?"

Mwanangu, mama yule alikuwa anahama nyumba yake mwenyewe ili aje anitunze mimi, na mimi nilikuwa nimelala. Nilimpenda siku ile kuliko nilivyompenda mume aliyenioa, yaani mwanawe, na nilimwambia hivyo hivyo. Akanambia nisikufuru, lakini alifurahi.

Bakari alipoamka nilimweleza yote. Chai yake ilipoa mbele yake. Mwishowe akamuuliza mamake, kwa sauti ya mtoto, "Mama, kwa nini usinambie?"

"Uliniambia waleta chombo, baba," akasema mavyaa. "Hukuniuliza nataka kipi."

Hapakuwa na ugomvi, wala safari ya Kibuyuni tena. Siku ya mapumziko yake Bakari alilipakia pipa kwenye basi, na safari hii mamake akaenda naye, na mimi na tumbo langu nyuma yao. Tulivuka Likoni, tukaingia dukani. Mwenye duka alinuna, akalichungulia lile tumbo la makaa lililokwisha kuwa jeusi, lakini alipoona mzee kaja mwenyewe akakubali tubadilishane. Ungemwona mavyaa wangu. Alishika mikono ya kila chombo, akakiinua kidogo, akakiweka. Alivuta kigoda katikati ya duka, akakaa, akachota maji ya uwongo kwa kata ya uwongo, wateja wakimpisha. Mitungi ya bati yenye shingo ndefu aliikataa yote. Akachagua sufuria pana la mdomo wazi, lenye masikio makubwa ambayo kiganja kinapita bila vidole kukunjwa. Lilikuwa la bei nafuu kuliko pipa, na halikuwa na la kumwonyesha jirani. Bakari akalibeba kichwani vile vile kutoka barabarani, safari hii kichwa chini kidogo.

Nikarudia kuamka alfajiri, na kunung'unika nikanung'unika. Mimi sikugeuka malaika. Lakini vidole vililegea, na mtoto alipokuja, vikaniingia kiunoni na tumboni asubuhi na jioni, vya moto, vinajua kila mahali, mpaka arubaini ikatimia. Mtoto yule ndiye mamako. Na mgongo huu unaouona umenyooka nikiwa na umri huu ni kazi ya mikono ile.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Unapochagua kitu cha nyumba, usianze kwa kukitazama kitu. Watazame watakaokitumia, hasa yule dhaifu kuliko wote: mkono wake unafika wapi, una nguvu gani, na saa anapokihitaji nani yuko naye. Usimpelekee habari ukadhani umemtaka shauri. Mchukue muende naye, akishike kwa mkono wake. Na mzee akikwambia vyema upesi sana, kaa chini umuulize mara ya pili, maana ile ya kwanza ni ya adabu.

Mwenyezi Mungu akubarikie nyumba yako, akupe riziki ya halali na usingizi mwema, na akujaalie wazee na watoto wasioogopa kukwambia kwamba ulichowaletea hakiwafai.