Uzi Mweusi wa Baba

Siku moja naikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa, mwanangu, na ilikuwa siku ya kawaida tu: jua kali, dagaa zimeanikwa ufukweni, inzi, na baba yangu ameinama juu ya ubao. Siku hiyo nilimnyang'anya baba macho yake. Sikumtia kidole jichoni. Nilifanya kwa mdomo, tena kwa neno moja.

Nakuandikia wewe Nyangeta, mjukuu wangu uliyeko Bunda na kompyuta yako. Lakini akisoma mtu mwingine mwenye mikono na ulimi, na yeye asome.

Baba alikuwa fundi wa mitumbwi ya mbao, kijijini kwetu ziwani, upande wa Musoma. Sijisifu, nasema ilivyokuwa. Mtumbwi wake ukiingia mwaloni Mwigobero, pale Musoma mjini, na mzigo wa dagaa, watu waliutambua ukiwa bado mbali, kwa jinsi ulivyokaa majini umetulia kama bata. Hakuwa na mashine. Alikuwa na tezo, msumeno, randa, na uzi wa katani. Uzi ule alikuwaga anauchovya kwenye unga mweusi wa betri za redio zilizokufa, umekorogwa na maji kidogo. Ncha moja anaifunga kwenye msumari, nyingine anaivuta yeye mwenyewe mpaka uzi unakaza, ukiugusa unalia. Mimi nasimama katikati. Nauinua kwa vidole viwili, nauachia. Pa! Ukiangalia ubaoni, mstari mweusi umelala pale, mwembamba, umenyooka toka huku mpaka kule. Msumeno unafuata huo.

Kazi ya kusimama katikati alinipa mimi kwa sababu kaka zangu walikuwa na mikono ya haraka. Alikuwa ananiitaga mama, maana jina langu, Nyabwire, ni la mama yake mzazi.

"Mama," ananiambia, "inua juu, juu kabisa, kama unatoa ndoo kisimani. Usivute pembeni. Ukivuta pembeni mstari unaota tumbo. Na ukikosea, sema. Tunafuta, tunapiga tena. Hapo hakuna kilichoharibika."

Aliniambia hivyo mara nyingi mpaka nikawa namjibu kabla hajamaliza. Nilijiona najua. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na kichwa changu kilikuwa kikubwa kuliko kilemba.

Sasa kulikuwa na mchezo wetu wasichana. Kukata uzi wa nyavu bila kisu na bila meno. Unauzungusha kidoleni, unaupitisha juu yake wenyewe, halafu unavuta ghafla, tap, uzi unajikata wenyewe. Ukikosea unakukata wewe. Mimi nilikuwa bingwa ufukwe mzima. Nakata, nadatisha vidole mbele ya pua ya mtu, naondoka bila kugeuka nyuma. Wenzangu waliambulia vidole vyenye damu tu, mimi wakaniona mchawi. Nilipenda kuonwa, mwanangu. Nilipenda mno.

Siku hiyo baba alikuwa anamalizia mtumbwi wa Mzee Maregesi. Ulibaki ubao mmoja, ule mrefu wa juu, wa mvule, ambao Mzee Maregesi aliutafuta miezi mpaka akaupata. Hapakuwa na mwingine. Pembeni yetu alikaa kijana mmoja, Masatu, anashona nyavu, na wasichana wawili wanageuza dagaa. Tumefunga uzi, baba amevuta, mimi nimeshaushika katikati. Masatu akacheka.

"Nyabwire, huo mnene. Wewe unaweza za nyavu tu."

"Sema tena?"

"Nasema huo si wa kuchezea watoto wa kike."

"Fumbua macho basi, mshona matundu."

Wasichana wakapiga kelele. Nikauvuta ule uzi, lakini sikuuvuta juu. Niliuvuta kumwelekea yeye, pembeni, kwa madaha, kama ule wa mchezo, nikauachia na vidole nikavidatisha. Pa! Wakacheka, nikacheka. Halafu nikaangalia ubao.

Mstari ulikuwa na tumbo. Tumbo dogo, kama la mwanamke mwenye mimba ya miezi mitatu: asiyejua haoni, anayejua anaona. Mimi nilikuwa ninajua.

Nikwambie jambo ambalo watu hawakulijua. Macho ya baba yalikuwa yameanza kuchoka. Si sana. Vitu vyembamba tu, jua likiwa kali, vilikuwa vinamkimbia. Aliniambia mimi peke yangu, akaniambia nisiseme nyumbani. Ndiyo maana siku hizo kila tukipiga uzi aliniuliza. Siku hiyo pia aliniuliza, kutoka kule mwisho wa ubao, ameshashika msumeno.

"Umenyooka, mama?"

Masatu alikuwa ananiangalia. Wasichana walikuwa wananiangalia. Ningesema hapana, ningechukua kitambaa, ningefuta, tungepiga tena, wangecheka mpaka jioni na kesho yake wangesahau. Hiyo ndiyo ilikuwa gharama yote.

"Umenyooka, baba."

Akakata.

Ubao ulipopandishwa juu ya mwenzake, katikati ukaacha pengo. Mitumbwi yetu tunaziba kwa pamba, pamba hii hii ya Bunda, inasokotwa na mafuta, inasukumwa kwenye maungio kwa patasi butu. Pamba inaziba upenyo. Haizibi kidole. Mzee Maregesi alikuja akapitisha mkono juu ya maungio, akasimama pale katikati, akaingiza kidole chake cha shahada kikaingia chote.

"Fundi, hii ni nini?"

Baba akaja. Hakuangalia. Alipapasa. Alipapasa lile pengo toka mwanzo mpaka mwisho, akarudi tena mwanzo.

"Tuseme ukweli, fundi," Mzee Maregesi akasema, na hakusema kwa ukali, afadhali angefoka. "Umri umekwenda. Ni macho."

Baba akasema maneno ambayo ninayasikia kila nikiinama kuwasha moto: "Ni macho. Binti yangu alinipigia mstari ulionyooka, nikamuuliza, akaniambia. Ni mimi niliyetoka nje ya mstari."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Mdomo ulikuwa wangu, haukuwa umeshonwa.

Nilijiambia nitamwambia nyumbani. Nyumbani nikajiambia nitamwambia akishakula. Amekula, nikajiambia kesho, hasira zikishapoa, na hasira hazikuwepo, alikuwa amekaa anajitazama viganja. Kesho yake tayari ufukwe mzima ulishasema: fundi haoni. Wakaanza kumsalimia kwa sauti ya juu kama kiziwi. Watu waliokuwa wameweka mbao zao kwetu wakaja kuzichukua mmoja mmoja, kwa heshima, na heshima ile ndiyo ilimmaliza. Mwezi haukuisha akagawa vyombo. Tezo kwa kaka mkubwa, msumeno kwa wa pili, ambao hata hawakuvitaka. Mimi akaniita mwisho. Akanipa ule uzi, ameuzungushia kwenye kijiti vizuri, safu juu ya safu.

"Huu uchukue wewe, mama. Mkono wako umenyooka."

Nikaupokea. Nikasema asante, baba. Unasikia, Nyangeta? Nilisema asante.

Hakuchonga tena hata mpini wa jembe. Alikaa miaka mingi anazunguka ufukweni kupapasa mitumbwi ya watu wengine. Masatu, kama unataka kujua, nilikuja kumkuta Mwigobero, ana kitambi na meno machache, hata jina langu hakulikumbuka. Ndiye mtu niliyemuuzia macho ya baba.

Nilipokwisha olewa huku Butiama, nikazaa wanne, nikamleta baba akae na mimi. Alikuwa ameshadhoofu. Anakaa mlangoni, mkono uko kwenye fremu, anasikiliza mbao kwa vidole. Siku moja nikaona siwezi tena. Nikaweka chini ungo, nikapiga magoti, nikamwambia yote. Uzi, Masatu, mchezo, tumbo la mstari, neno nililomjibu. Nililia mpaka kamasi. Nilitaka anipige. Nilitaka anilaani, nikalie vizuri.

Baba akatabasamu. Akanitafuta kichwa akakishika.

"Mama, una huruma sana. Lakini usijisingizie ili mimi nifurahi. Nilikuwa sioni. Nimeshakubali, zamani."

"Baba, nasema kweli."

"Najua, najua."

Hakujua. Nilirudia siku ya pili, akanikatiza, akasema nisijichoshe. Nilirudia akiwa kitandani, akaniomba maji. Akafa akiamini macho yake yalimsaliti, na kwamba ana binti mwema. Ukweli wangu ulichelewa mpaka ukafanana na uongo, tena uongo wa kumbembeleza mzee. Sina mtu mwingine wa kumwambia akaniamini. Mwenye haki ya kuamini yuko chini ya udongo.

Sasa nije kwako.

Jumapili ile ulikuja na kompyuta yako, ukaniwekea mapajani kama mtoto mchanga. Ukanionyesha jinsi unavyochora nguo. Ukanionyesha kiduara cha kifungo, ukakivuta taratibu, kilipokaribia mstari kikaruka chenyewe, kikanasa. Nilishtuka, nikacheka. Nikakumbuka uzi.

"Unaona, Bibi? Siku hizi hakuna kupinda. Ukikisogeza karibu tu, kinanasa chenyewe."

"Na kama mstari wenyewe sio?"

"Kinanasa tu. Chenyewe hakijui."

Ndipo ukaniambia, huku unakula karanga zangu, habari ya nguo za kwaya. Kwamba wewe ndiye uliyechora alama za vifungo vile vya chuma vya kubonyeza. Kwamba upande mmoja viduara vyako vilinasa kwenye mstari wa ukingo wa kitambaa badala ya mstari wa mshono, ukapita bila kuona, ukatoa karatasi, ukampa Mama Wegesa, yule mshonaji wa siku nyingi hapo dukani mnapofanya kazi. Yeye akafuata karatasi yako, akagonga vifungo kwa nyundo nguo zote. Wanakwaya wakavaa. Wakabonyeza, kifungo hakimkuti mwenzake. Nguo zote shingo zimepinda kama za walevi.

Mwenye duka akamwambia Mama Wegesa, mbele ya wateja, umezeeka mama, kapumzike.

"Na wewe ulisema nini?" nikakuuliza.

"Ningesema nini, Bibi? Niligundua baadaye. Nikabonyeza kurudisha nyuma, nikanyoosha, ikawa sawa. Nani atajua?"

Ukacheka. Nyangeta, ulicheka kicheko changu. Kile kile, na meno yale yale. Nilitaka kukuchapa kwa mwiko na mkono haukuinuka, maana ningemchapa nani? Nikakufungia karanga, nikakusindikiza mpaka barabarani. Hata siku hiyo nilinyamaza. Uzee haujanifundisha kitu.

Ulikuwa umeniambia pia kwamba Mama Wegesa haji tena kazini. Kwamba mjukuu wake alimkuta ameshika shati la zamani alilolishona mwenyewe, anabonyeza kifungo, anafungua, anabonyeza, anafungua, anasikiliza kama kinalia sawasawa. Wewe uliniambia kama kichekesho. Mimi nilimwona baba mlangoni.

Sikiliza ninachokuusia, na nitakisema bila maua. Nenda kwa Mama Wegesa. Usipige simu. Nenda na ile karatasi mbaya, usiende na ile uliyonyoosha. Mwekee mbele, chukua kidole chake ukiweke kwenye kosa lako, aone kwamba yeye aligonga pale pale ulipomwambia. Kisha rudi dukani ukaseme vile vile, mbele ya wateja, kwa sababu alivuliwa heshima mbele ya wateja. Utafukuzwa labda. Fukuzwa. Kazi utapata nyingine. Nenda wiki hii, akiwa bado ana shaka kidogo na yale waliyomwambia. Shaka hiyo ndiyo mlango. Akishakubali kwamba yeye ni mzee asiyefaa, utakuja na machozi yako, atakushika kichwa, atakuambia una huruma sana.

Kompyuta yako inarudisha nyuma mstari. Haimrudishi mtu.

Sina hakika kama utakwenda. Nisikudanganye, naogopa hutakwenda. Ninaijua damu hiyo, nimeibeba miaka yote hii, ni damu ya watu wanaosema kesho. Ndiyo maana siwezi hata kukukasirikia vizuri.

Uzi wa baba uko kwenye sanduku langu, chini ya kanga. Bado ni mweusi, ukiushika unakuchafua. Ukitoka kwa Mama Wegesa, njoo uuchukue, utakuwa umekuja na haki ambayo mimi sikuwa nayo. Usipokwenda, nimeshawaambia shangazi zako wanizike nao.

Mungu wa baba yangu akunyooshee ulimi kabla ya mkono, mwanangu. Akukutanishe na Mama Wegesa yuko nyumbani, masikio yake yanasikia, amekaa mlangoni. Na ukisema, akuamini.