Santuri ya Mkula kwa Bei ya Wapenzi

Masele Jilala, fundi redio wa Bariadi, alikuwa mpole katika mambo yote isipokuwa Duma Jazz. Bendi hiyo ilikuwa imevunjika zamani na wapigaji wake wamerudi kulima pamba, lakini yeye aliipenda kana kwamba ingepiga Jumamosi ijayo. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Chama cha Wapenzi wa Duma Jazz, kilichokutana kila Jumapili baada ya ibada, nyuma ya mgahawa wa Philomena. Wanachama wenyewe walikuwa wachache, ugomvi wao mwingi.

Miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kuingia, na mjini kila mtu alikuwa na neno moja mdomoni: soko huria. Ukilalamikia bei ya sukari, unaambiwa soko huria. Kinyozi akikukata sikio kisha akaongeza bei, soko huria. Masele hakutaka neno hilo liguse muziki. Akawashawishi wenzake wapitishe kanuni: mpenzi akimuuzia mpenzi mwenzake santuri, picha au chochote cha Duma Jazz, amuuzie kwa bei aliyonunulia yeye, aongeze nauli tu.

"Faida tutafute kwa watu wa nje," alisema, wakampigia makofi.

Basi siku moja akaitwa kijijini Mkula kutengeneza vipaza sauti vya kanisa. Alipomaliza akapita kumsalimia Nyanjige, mjane wa mpiga tarumbeta wa bendi ile.

"Mwangaluka, mayu," akamwamkia mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, ng'wanone. Kaa, mwanangu, unywe maziwa."

Mama akakifunua chungu cha maziwa, na Masele akaona kwamba kilikuwa kimefunikwa kwa santuri. Akaiomba, akaifuta kwa pindo la shati, akaisoma lebo mara mbili. Ilikuwa santuri ya kwanza ya Duma Jazz. Chamani waliisimulia kila Jumapili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuishika.

"Mayu, nikikununulia mfuniko wa sufuria, utanipa hii?"

"Unaong'aa?"

"Unaong'aa."

"Basi kimbia dukani kabla hujabadili mawazo."

Kama Masele angenyamaza, mambo yangeishia hapo. Lakini Jumapili aliwasimulia wenzake yote, na sauti ya mjane akaiigiza. Wakacheka mpaka machozi. Kesho yake asubuhi mmoja wao, Mwalimu Deogratias, akaja kibandani kwake mbele ya nyumba na mfuniko mpya uliofungwa kwenye gazeti, na juu yake nauli ya Mkula, kwenda na kurudi.

"Mwenyekiti, nimeleta bei ya kanuni."

"Mwalimu, siuzi."

"Sawa, asiyeuza halazimishwi. Ila nauacha mfuniko hapa unishikie foleni."

Habari zikaenea, na wanachama wengine nao wakaleta mifuniko yao. Joyness, mke wa Masele, aliiangalia ikipangwa ukutani.

"Baba Lucy, mifuniko sasa tunayo. Sufuria zenyewe zinakuja lini?"

Katikati ya wiki akafika Salu, mnunuzi wa pamba kutoka Mwanza aliyekuwa akikusanya santuri za zamani. Aliishika ile santuri kwa ncha za vidole, akaigeuza, kisha akataja bei. Ilitosha kununua mtamba wa ng'ombe. Masele alisikia Joyness akikohoa ndani ya nyumba, na hakikuwa kikohozi cha ugonjwa.

Alimwomba Salu arudi Jumatatu. Usiku akajipa hoja: Salu si mwanachama, kwa hiyo ni mtu wa nje, kwa hiyo kanuni haimhusu. Akalala vizuri.

Lakini Salu hakuwa mfanyabiashara wa kubahatisha. Alikwenda kula kwa Philomena, akauliza mawili matatu, akasikia habari za kanuni. Jumapili alikuwa wa kwanza kuketi nyuma ya mgahawa. Akalipa kiingilio, akaombwa aimbe kuthibitisha mapenzi yake, akaimba nyimbo nzima nzima mpaka machozi yakamlengalenga. Masele mwenyewe ndiye aliyemkaribisha chamani. Kesho yake Salu akaja kibandani na mfuniko.

Jambo lile likaitishiwa kikao. Mwalimu alisema foleni ni foleni. Salu alisema mwanachama ni mwanachama. Masele akasimama, uso umemwiva.

"Huwezi kuchukua mali ya thamani ya mtamba kwa mfuniko! Hiyo si haki."

Philomena alikuwa akikusanya vikombe. "Na yule mama wa Mkula, yeye alipata nini?"

"Alifurahi," Masele akajibu.

"Alifurahi kwa kuwa hukumwambia. Halafu tarumbeta iliyo humo ndani si ya mumewe? Au mjane wa Duma Jazz si mwenzenu?"

Masele alihisi masikio yakimwaka. Akaketi, akasema kwamba santuri itarudi Mkula, mama mwenyewe aipangie bei.

Alikwenda na Salu, kwa pikapu ya Salu. Nyanjige alisikiliza maelezo yote huku akichambua mchele.

"Kwamba ni muziki wao nilijua," alisema. "Mume wangu aliufanyia mazoezi humu ndani mpaka mbuzi wakahamia kwa jirani. Nikasema acha nao ufanye kazi, ufunike maziwa. Bei ya mtamba ndiyo sikuijua."

"Sikukuambia, mayu. Nilikosea."

"Ulikosea. Haya, nataka mtamba. Na mfuniko sirudishi."

Salu akajikohoza. "Mayu, kwa kanuni ya chama chetu, mpenzi kwa mpenzi..."

"Mimi si mwanachama," akasema Nyanjige, akaendelea na mchele wake.

Salu akanunua mtamba mnadani. Mama alimkagua meno, miguu na mkia, akamkataa wa kwanza, akamkubali wa pili. Kabla Salu hajaondoka na santuri, wanachama walikusanyika kibandani kwa Masele, wakaipiga kwenye gramofoni iliyoendeshwa kwa betri ya gari, na kuirekodi kwenye kaseti. Masele mwenyewe ndiye aliyeishusha sindano. Pikapu ilipoondoka alibaki barabarani akitazama vumbi, na mpaka jua linazama hakugusa redio ya mtu.

Kaseti ile ndiyo iliyobaki Bariadi. Ilipigwa mpaka utepe ukalegea. Mahali ambapo tarumbeta inapanda, panasikika chafya kubwa, na Mwalimu Deogratias mpaka leo anakana kwamba ni yake. Wateja wakiuliza, Masele huwaambia wanyamaze kwanza, wasikilize, kwa maana baada ya chafya hiyo ndipo wimbo unapokuwa mtamu.