Maji Yaliyobaki Ukutani

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila mvua inapoanza kugonga bati, hata nikiwa mbali na nyumbani. Sijawahi kukusimulia, mwanangu. Mimi ni mama yako mdogo tu, umri wa kutoa nasaha sijaufikia, na unajua nilivyokuwa nikiwabishia wazee walionipa za kwao. Lakini jana ulinipigia simu kutoka Lituhi ukasema ziwa limerudi nyuma, maji yametoka sebuleni, na unataka kupaka rangi upesi ili mkeo na mtoto warudi Jumapili. Ukaniuliza rangi gani inaficha madoa. Nilikuambia nitakujibu leo.

Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nimerudi Namswea kwa bibi yako. Wakati huo nilikuwa nauliza kila kitu, mpaka watu walikuwa wakiniona wanageuza njia. Nyumba yetu unaifahamu, imejengwa ubavuni mwa mlima. Ni ya tofali za kuchoma, lakini zimeunganishwa kwa udongo. Mwaka ule mjomba wako Menrad aliona ardhi haitoshi, akashusha ngoro zake, yale mashimo ya kulimia, mpaka kwenye ukingo wa nyuma ya nyumba. Sisi Wamatengo tunajivunia ngoro, na ni haki yetu. Yale mashimo hushika maji ya mvua mlimani ili udongo usikimbie. Menrad alizichimba vizuri sana, kila anayepita alimsifu. Hakuna aliyewaza kwamba maji yanayoshikwa juu ya nyumba lazima yaende mahali.

Yalikwenda chumbani kwa bibi yako. Kwanza ulikuja mstari wa unyevu chini ya ukuta wa nyuma, ukapanda mpaka usawa wa kitanda. Kisha ikaja harufu, kama ya viazi vilivyosahauliwa kwenye gunia. Kipaimara cha binti yake Menrad kilikuwa kimekaribia na wageni wangefika, kwa hiyo Menrad akaleta saruji, akapiga lipu juu ya ukuta uleule mbichi, akamalizia kwa rangi nyeupe. Ukapendeza. Mimi nikaugusa. Ulikuwa baridi na unatoa jasho.

"Kaka, maji yameenda wapi?" nikamuuliza.

"Yamekauka."

"Kwa mvua hii?"

"Sasa msomi, uulize ukuta. Labda na wenyewe ulisoma."

Walicheka wote, hata bibi yako. Nilimwomba ahamie chumba cha mbele. Akaniambia kitanda kile walikiweka pale yeye na marehemu baba, na hakihamishwi kwa sababu ya mtoto anayeogopa chokaa.

Siku ya kipaimara, baada ya misa, nyumba ilijaa. Watoto walikuwa wanazunguka na shikamoo zao, wanaume wanagombania nyama ya nguruwe, na mvua ikaanza. Bibi yako alichoka, akaenda kujinyoosha. Nilikuwa koridoni na sinia la vikombe niliposikia sauti ndogo, kama panya wanatafuna mahindi. Nikasimama. Sauti haikutoka darini. Ilitoka ndani ya ukuta.

Mwanangu, hofu niliyoipata pale sijaipata tena. Niliingia. Ule ukuta mweupe ulikuwa umevimba kama tumbo. Ufa ulikuwa umetoka kwenye kona ya dirisha na kushuka mpaka sakafuni, na ndani yake udongo ulikuwa unatiririka kama uji. Bibi yako alikuwa amelala, mgongo wake umeugusa ukuta. Nilijua nikimwambia ukuta unaanguka atabishana nami, kwa kuwa nilikuwa nimeshasema hivyo wiki nzima. Nilijua pia nikipiga kelele watu wataingia kwa kishindo.

Nikainama, nikamwambia taratibu, "Mama, paroko amefika. Anauliza mbona huji kumsalimia."

Akaamka mara moja. Akatafuta kitenge. Akajifunga, akafika mlangoni, halafu akageuka.

"Viatu."

"Mama, twende."

"Nimsalimie padre miguu mitupu? Wewe umelelewa na nani?"

Akarudi. Akainama kando ya kitanda, akaingiza mkono chini yake, akatoa kiatu kimoja, akapapasa kutafuta cha pili. Punje za lipu zilikuwa zinaanguka kwenye mto wake, na yeye hazioni. Alipokipata nilimshika mkono, nikamvuta kwa nguvu kuliko adabu inavyoruhusu. Tulikuwa tumevuka kizingiti tu ukuta mzima ulipolala juu ya kitanda, na tope la mlimani likaingia nyuma yake.

Wageni wakaja mbio kutoka sebuleni. Bibi yako aliangalia kitanda, halafu akawaangalia wageni mmoja mmoja.

"Padre yuko wapi?"

"Hajafika, Mama."

Akavaa viatu vyake polepole. "Basi leo umenidanganya vizuri."

Menrad alitaka kujenga upya palepale. Tofali zilishaanza kushushwa, na bibi yako akazikalia, akakataa kuondoka. "Menrad," akasema, "maji yameenda wapi?" Lilikuwa swali langu, lakini kinywani mwake hakuna aliyecheka. Walifukia ngoro zote zilizo karibu na nyumba, wakachimba mfereji wa kupeleka maji pembeni, wakabandua lipu yote iliyopigwa juu ya unyevu. Bibi yako alilala kwa jirani mpaka kiangazi kikakausha kuta zilizobaki. Ndipo wakajenga. Mpaka leo, nikiingia nyumba ya mtu, kabla sijakaa nagusa ukuta.

Kwa hiyo sikwambii rangi, mwanangu. Kwanza hakikisha umeme umekatwa, na fundi azikague soketi kabla hujagusa chochote. Toa magodoro yaliyolowa, usiyahurumie. Bandua lipu mpaka upite mstari wa maji, fungua madirisha, acha upepo wa ziwa ufanye kazi. Usiwashe jiko la mkaa ndani na kufunga milango ili pakauke haraka. Hewa yake ya sumu inaua kimya. Angalia msingi, kwa kuwa mawimbi huchimba mchanga mahali usipopaona. Mkeo akilalamika kwamba unachelewa, mpe simu niongee naye. Na kila atakayekwambia pamekauka, hata kama ni mimi, muulize maji yameenda wapi, na usiridhike mpaka akuonyeshe njia yaliyopita.

Mungu akulindie huyo mtoto ambaye bado sijamwona. Siku mtakayomrudisha, mvua inyeshe kwa nguvu zake zote, naye alale mgongo wake ukiwa ukutani, na asiwe na sababu ya kuamka.