Alimtoa Kobe Wangu, Nami Nikamwambia Sawa

Admin, jina langu lifunike kabisa, hata herufi ya kwanza usiweke, maana Tunduma tunajuana. Mimi ni dada wa miaka 24. Kwetu ni Iyula, wazazi wangu wanalima kahawa, ila mimi nipo huku mpakani nauza kava na chaja za simu. Nina mchumba, au niseme nilikuwa naye, mtaamua wenyewe mkimaliza kusoma. Nimwite Gervas.

Najua wengine mtacheka, maana kisa changu kinahusu gemu. Ni lile la kwenye simu la kupambanisha madubwana: unachagua sita, mwenzako anachagua sita, mnapigana kwa zamu mpaka ya mmoja yaishe. Chekeni tu. Wateja wakipungua kibandani nilikuwa nacheza, na mimi ndiye niliyemfundisha Gervas. Alikuwa hajui hata kwamba dubwana la maji linalizima la moto.

Vijana wengi wa hapa wanaweka wapigaji sita, wakali watupu. Wanatamba dakika mbili, wakikutana na mtu mtulivu kwisha habari yao. Mimi timu yangu niliipanga kama shamba la baba, aliyechanganya mibuni na migomba, chini maharage. Nikaweka wapigaji wawili, mmoja wao wa radi. Nikaweka mmoja wa mbio, mmoja wa kuwatibu wenzake, mmoja wa kumchosha adui, halafu Kobe. Kobe ni mzito, hapigi cha maana. Kazi yake ni kupokea vipigo na kuwawekea wenzake ngao, hasa radi ikija. Nilipomsimulia baba kwenye simu alisema, "Huyo ndiye mgomba, mwanangu. Hauzai kahawa, lakini ukate uone jua litakavyoifanya mibuni yako." Miezi mitatu nilikuwa naijenga timu hiyo, na kila nikipigwa naandika kwenye daftari nimepigwa na nini.

Basi vijana wetu na wa upande wa Zambia wakaandaa shindano kwenye ukumbi mmoja hapa mjini. Walikuwa na sheria moja: watu wawili hawaruhusiwi kuingia na madubwana sita yale yale. Aliyeandikisha kwanza ndiye mwenye timu. Gervas akaniomba timu yangu ajifunzie, nami nikampa. Siku nakwenda ukumbini kujiandikisha, mwandaaji akaniangalia kwa huruma. "Dada, timu hii ina mwenyewe. Gervas aliandikisha jana."

Nikageuka. Gervas alikuwa pale pale kwenye benchi na wenzake. Nikajua atasema neno la kunitetea, na kweli akafungua mdomo. "Msimlaumu, ni shemeji yenu huyo. Nilimwonyesha timu yangu, ikampendeza, akaiga."

Ukumbi mzima ukacheka. Mzambia mmoja akanipungia mkono, "Sorry, ba sista!" Nilitoka pale bila kujiandikisha. Gervas akaingia shindanoni na madubwana yangu, akachukua kombe, akapiga nalo picha na kuandika chini yake: "Timu nimeijenga kwa akili yangu mwenyewe." Nilipomuuliza akanikumbatia. "We mama nawe! Si tunaenda kuwa mwili mmoja? Changu chako." Ila siku ya picha hakunitafuta. Nililia siku mbili. Ya tatu sikulia, nilianza kumwangalia tu.

Sasa shindano lingine ni Jumamosi hii. Jumatatu alikuja kibandani kichwa kimemvimba, akaketi kwenye stuli ya wateja. "Huyu Kobe mzigo, bwana. Namtoa, naweka mpigaji mwingine. Unaonaje?"

Jamani, mdomo ulishafunguka kumwambia asithubutu. Bila Kobe timu ile radi inaimaliza yote, na yeye hajui, kwa sababu hakuijenga. Halafu nikaikumbuka ile picha. Nikamwambia, "Mtoe tu, mpenzi. Wewe ndiye uliyeijenga." Akafurahi, akaninunulia soda, na alasiri ile ile akaenda kuandikisha timu yake mpya.

Kesho yake asubuhi nikaenda kwa mwandaaji. Nikamuuliza ile timu yenye Kobe sasa ni ya nani. Akapekua daftari lake, akasema haina mwenyewe. Nikamwambia aandike jina langu.

Jana ratiba imetoka. Pambano la kwanza kabisa ni mimi na Gervas. Amenipigia simu anacheka, "Nimepangiwa wewe! Usiogope, nitakupiga taratibu usije ukalia mbele za watu." Hajui nimeandikisha timu gani, hakuuliza hata. Nikamjibu ahsante.

Tatizo ni hili. Jumapili, siku moja baada ya pambano, washenga wake wanakwenda Iyula kuleta posa. Mama ameshatenga jogoo. Rafiki yangu ananisihi nijitoe, eti mwanaume akiaibishwa na mchumba wake mbele za watu hawezi kumuoa, na umri wangu unakwenda. Lakini nikijitoa, nitakuwa yule dada aliyeiga mpaka nazeeka, nikimpikia mtu aliyeniibia na kunicheka kwa pumzi moja.

Ndugu zangu, wale mtakaoniandikia nimsamehe, hayo nayasikia kila Jumapili kanisani, msijisumbue. Kama nimpige au nisimpige sikuulizeni, Kobe wangu yuko tayari. Shauri ninalotaka ni moja: washenga niwazuie mapema, au niwaache wafunge safari mpaka Iyula, ili baba awaulize yeye mwenyewe kwa nini kijana wao alikata mgomba?