Mtoto Aliyepita Mtihani wa Kucheza

Mwezi wa nne mwaka huu kazi ilinipeleka Kanduyi, pale Bungoma, na kwa kuwa nilimaliza mapema nikaamua kupita nyuma ya kanisa, kulikokuwa na darasa la kucheza. Usicheke. Kulikuwa na darasa la kucheza kweli, chumba kimoja cha mabati chenye mkeka mkubwa, na humo watoto waliochelewa kutembea, kuongea au kuelewa walifundishwa kucheza kama wewe na mimi tulivyofundishwa kusoma. Siku hizi ni duka la mbolea. Mwenye duka aliniuliza kama nataka ya kupandia au mbegu za mahindi, nikamwambia naangalia tu. Sikumwambia kwamba kwenye kizingiti chake ndipo nilipokaa nikiwa na miaka kumi na kumharibia mdogo wangu maisha.

Sisi tulikuwa watu wa Kibomet, pale Kitale, kwenye ploti ya vyumba sita na choo kimoja. Baba alifanya vibarua vya kupakia mahindi kwenye malori, Mama aliuza mboga sokoni, na nyanya yetu, mama yake Baba, tuliyemwita kukhu, alikaa Kanduyi. Agosti ya Kitale unaijua: mvua kila mchana, matope mpaka kitandani, sweta ambazo hazikauki. Lakini ndio wakati wa mahindi mabichi. Ploti nzima ilinukia mahindi ya kuchoma na moshi wa magunzi, na jioni Mama alipika seveve, yale majani ya maboga, na kuitia maziwa, tukaila na ugali wa wimbi huku mvua ikipiga mabati tusisikizane. Siku hizi nikionja seveve iliyopikwa vizuri ninakasirika kwanza, halafu ndipo ninakula.

Mdogo wangu alikuwa na miaka minne na hajasema neno hata moja. Alikuwa amechelewa kutembea, akachelewa kushika kikombe, na ukimwita jina hakugeuka. Mchezo wake ulikuwa mmoja tu. Alikuwa na mikebe miwili ya mafuta ya kupikia na konzi ya mahindi makavu, na kazi yake ilikuwa kuhamisha punje kutoka mkebe huu kwenda ule, moja moja, huku ameinamisha sikio asikie inavyolia ikianguka. Angeweza kukaa hivyo tangu chai ya asubuhi mpaka mvua ya mchana. Punje ya mwisho ikiingia alicheka peke yake, kicheko kidogo cha kifuani, kisha akaanza upya. Nilikipenda kicheko hicho kuliko kitu chochote pale nyumbani, na ninataka ulijue hilo kabla sijakuambia mengine.

Habari za darasa zililetwa na mama jirani, yule aliyekuwa akikaanga mandazi mlangoni kwetu. Dada yake wa Bungoma alikuwa na mtoto huko. Mtoto huyo alikuwa hamtazami mtu, sasa anaomba maji mwenyewe na anacheza na wenzake. Nafasi imebaki moja, akasema, ila kuna intavyuu.

Neno hilo ndilo lililotumaliza. Pale Kitale, mtoto hakuingia nasari nzuri bila intavyuu. Aliulizwa rangi, akaambiwa ahesabu, na aliyejua ndiye aliyechukuliwa. Hatukuwahi kusikia mahali ambapo mtoto anapimwa ili aonekane asichoweza, na kwamba asiyeweza ndiye anayepewa nafasi. Mama jirani naye hakujua, maana dada yake alikuwa amesimulia tu mtoto aliwekewa nini mbele yake: vibao vya kupanga, mwanasesere, kijiko, kitambaa na kigari. Alitupa orodha hiyo kwa moyo mweupe, na Mama akaipokea kama mtu aliyepewa karatasi ya mtihani kabla ya siku yake.

Mama aliniita akaniambia, "Wewe ndiye unajua mambo ya shule. Mpaka shule zifunguliwe, hii mtoto iwe inajua hizo vitu zote. Sitaki aibu Bungoma."

Nilikuwa wa pili darasani muhula ule na kichwa kilikuwa kimevimba. Niliokota vipande vya mbao kwa fundi, nikafunga gunzi kwa kipande cha leso likawa mwanasesere, nikakunja waya ukawa kigari. Ile mikebe miwili niliipandisha juu ya kabati. Mdogo wangu aliililia siku tatu, akakaa chini ya kabati ameinua mikono, mpaka akatapika. Mama alitaka kumrudishia, mimi ndiye niliyesema hapana.

Nikamfundisha nilivyofundishwa mimi. Nilimshika mkono nikaupeleka kwenye kijiko, kijiko nikakipeleka kwenye gunzi, nikasema mlishe mtoto, mlishe mtoto. Akifanya alipata kipande cha mandazi. Akikataa, au vidole vyake vikianza ule mwendo wa kuokota punje ambazo hazipo, nilimchapa juu ya vidole kwa mwiko. Sikumchapa kwa nguvu sana. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na mwalimu wangu pia alikuwa akituambia hivyo.

Wiki ya tatu alikuwa anaweza yote. Alipanga vibao sita bila kuangusha, akalisha gunzi, akalifunika, akasukuma kigari mpaka mlangoni. Mama alipiga makofi. Wapangaji walikuja kutazama. Kitu kimoja tu hakuna aliyekitaja, na mimi nilikiona nikanyamaza: hakuwahi kulitazama gunzi alipokuwa akililisha. Alinitazama mimi, na mwiko.

Tulishuka Bungoma siku moja kabla ya intavyuu, tukalala kwa kukhu. Mama alimwagiza mdogo wangu aonyeshe anachojua, naye akaonyesha vyote kwa mpangilio, kimya, pale kwenye mkeka wa jikoni. Kukhu aliacha kuchambua kunde akatazama mpaka mwisho.

"Huyu mutoto hachezi," akasema. "Huyu anafanya kazi."

Mama alimjibu kwa adabu kwamba mambo ya siku hizi ni tofauti. Kukhu akarudi kwenye kunde zake.

Mwalimu wa kucheza alikuwa mama wa makamo mwenye sweta ya kijani, aliyefanya kazi yake yote akiwa amepiga magoti. Kwenye benchi nje kulikuwa na wazazi wengine watano, kila mmoja na mtoto wake, na wote wakiitaka nafasi hiyo moja. Mama alibaki benchini. Mimi niliruhusiwa kukaa kizingitini ili mtoto asilie. Mwalimu alimwacha mdogo wangu kwanza atembeetembee, akimtazama tu. Hilo halikuwa kwenye orodha yetu. Kisha akaleta vibao, na mdogo wangu akapanga sita. Akaleta mwanasesere na kijiko, akamlisha. Akampa kitambaa, akamfunika. Kigari kikaenda mpaka ukutani. Mwalimu aliandika, halafu akatoa mfukoni kitana akakiweka kwenye mkeka bila kusema kitu.

Kitana hatukuwa tumefundishwa. Mdogo wangu alikishika akageuka kunitafuta kwa macho. Nikapitisha mkono kichwani, taratibu, kama mtu anayeweka nywele zake sawa. Akamchana mwanasesere.

Mwalimu alifunga daftari akatoka nje kwa Mama. Aliongea kwa upole, na maneno yale ninayakumbuka yote.

"Mama, mtoto wako anajua kucheza. Anaiga vizuri, na kuongea kutakuja. Mpeleke nasari ya kawaida hapo kwenu."

"Kwa hivyo amepita?" Mama akauliza.

"Amepita, mama."

"Asante sana. Sasa, anaanza lini?"

Mwalimu alirudia maelezo mara mbili, akampa karatasi ya majibu. Nafasi ingekwenda kwa mwenye shida zaidi. Mama alikuwa bado anatabasamu, tabasamu la mtu anayengoja mzaha uishe, na lilichukua muda mrefu kuondoka usoni. Kisha akaikunja ile karatasi, akaitia kwenye mkoba, akashukuru tena. Mwanamke wa pembeni yake alikuwa amempakata mtoto aliyekuwa akijigonga kichwa ukutani. Yeye ndiye aliyepata nafasi, na sijawahi kumwonea wivu mtu kama nilivyomwonea mama yule.

Ile karatasi ilimtesa mdogo wangu kuliko ugonjwa. Nasari ya Kibomet ilikuwa na watoto wengi kuliko viti, na mwalimu wake, aliyekuwa mmoja tu, alisoma karatasi akaona imeandikwa anaweza. Sasa kila alipokataa kuimba, kila alipokaa pembeni akiokota mchanga punje kwa punje, ilionekana ni kiburi. Mtoto ambaye hawezi husaidiwa. Anayeweza na hataki huchapwa. Alikwenda mihula miwili, halafu tukaambiwa tumkalishe nyumbani mpaka akue. Mama alijaribu kurudi Bungoma, akaambiwa kumejaa. Basi akawa anamfungia ndani akienda sokoni, na mimi nikitoka shuleni ndiye niliyemfungulia. Nilimshushia ile mikebe yake miwili. Niliiweka mbele yake nikatia mahindi, akaitazama, kisha akanitazama mimi akingoja nimwambie afanye nini. Nilimwambia cheza, mdogo wangu, cheza tu. Hakuigusa.

Alikufa akiwa na miaka saba. Kidole tumbo kilipasuka. Daktari alimwuliza Mama ameumwa tangu lini, Mama akasema tangu asubuhi, maana asubuhi ndipo alipolia. Daktari akasema maumivu yalikuwa ya siku kadhaa. Tulirudisha mawazo nyuma, tukakumbuka kwamba tangu Jumapili alikuwa akikaa amejikunja, na kila tulipomwambia akae vizuri alikaa vizuri. Alikuwa mtiifu sana. Tulimzika Kanduyi, nyuma ya nyumba ya kukhu, na mvua ikatunyeshea mpaka mwisho.

Kwa hiyo siku ile nilipotoka kwenye duka la mbolea sikurudi kazini. Nilimwuliza mwenye duka kama anamjua mwalimu aliyekuwa akifundisha humo zamani, akanielekeza Kimilili, ambako alistaafu na anafuga kuku. Nilimkuta. Amezeeka, magoti yamekwisha, anatembea kwa kushika ukuta. Alinipa chai na viazi vitamu, na nilipotaja mwaka na mtoto wa Kibomet hakuhitaji kukumbushwa zaidi. Nikamweleza yote: orodha, gunzi, mwiko, na jinsi nilivyopitisha mkono kichwani. Nilikuwa nimebeba maneno hayo zaidi ya miaka ishirini, na nadhani nilitarajia ashangae.

"Nilikuona," akasema.

Aliweka kikombe chini.

"Nilikuona ukijishika nywele. Na kabla ya hapo nilimwona yeye. Kila kitu alichofanya, alikuangalia wewe kwanza. Nilijua amefundishwa. Nilikuwa na watoto sita na nafasi moja, na huyu alikuwa ananipa sababu ya kupunguza mmoja. Niliandika kile mikono yake ilifanya. Kile macho yake yalisema sikuandika."

Kisha akaniuliza mtoto alikuwa anapenda kucheza na nini kabla sijaanza kumfundisha. Nikamweleza ile mikebe. Akatikisa kichwa muda mrefu. Akasema angeanza na hiyo hiyo. Angekaa chini kando yake na mkebe wa tatu, siku nyingi tu, bila kusema, mpaka siku moja mtoto ampe punje moja. Ndivyo walivyokuwa wakianza na wote, akasema, unaingia kwenye mchezo wa mtoto kwanza, ndipo yeye aje kwenye wako. Aliyasema kama mtu anayeeleza kufuga kuku, na mimi nililia mpaka chai ikapoa.

Hatukuombana msamaha. Nilikwenda pale nikidhani nitatua mzigo, nikatoka na mwingine juu yake. Kosa nililolijua kuwa langu peke yangu sasa lina mwenyewe wa pili, na halijawa jepesi. Kukhu ametangulia, ploti ya Kibomet imebomolewa, hata wale mama wa benchini sijui waliko. Tuliobaki tunaojua kwamba mtoto yule hakupita ni wawili, na mmoja ni mzee anayeshika ukuta.

Mama hajui. Mimi ndiye ninayekaa naye sasa, na wageni wakija humwuliza habari za watoto wake, naye huwaonyesha ile karatasi, ameitia kwenye fremu, akiwaambia kwamba wa mwisho alikuwa na akili kuliko sisi wote, alipimwa Bungoma kati ya watoto sita akapita kila kitu. Wageni hunigeukia nithibitishe. Ninasema ndiyo, alipita, kisha ninainuka kwenda kuongeza chai.