Dohani ya Al-Hamra

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na kumi na saba. Hapana, kumi na nane, maana ndio mwaka kina mama wa Saudia walianza kuendesha magari, na mimi dereva nikaanza kuhofia kazi yangu.

Nyumba ya madam pale Al-Hamra, Jeddah, ni ya matofali mekundu. Husemwa ilijengwa na afisa wa Kimarekani aliyekuja zamani kufundisha askari, akaitia meko na dohani kama za kwao. Dohani, kwa joto lile. Madam aliziba meko kwa kabati.

Mwikali, binti wa Kitui, nilimtoa mwenyewe Riyadh, kwa dada yake madam, aje kufanya kazi hapo. Alikuwa na mdomo. "Mzee," akaniuliza, "huyo mwanajeshi alikuwa akiota moto ama akijichoma?"

Wiki hiyo hiyo aliyofika wakaja wageni, nyumba ikatakiwa kufukizwa udi. Mwikali akasogeza kabati, akawasha makaa mekoni kama kwao. Moshi ukakataa kupanda. Akachokoa dohani kwa ufagio, kikaanguka kifurushi: kibati cha jina kinachovaliwa shingoni na wanajeshi, kimezungushiwa nywele nyeusi.

Madam akarudi nyuma. "Sihiri. Umeniloga."

Neno hilo kule si mzaha. Humfikisha mtu kwa polisi, na mjakazi hana wa kumtetea. Lakini Mwikali akaziokota zile nywele, akazivuta.

"Madam, hizi ni za kusukia, za dukani. Zinauzwa mtaa wa Bani Malik. Mzee, geuka."

Nikageuka. Nikasikia akivua kitambaa cha kichwani.

"Tazama. Mimi hunyoa kichwa, sisuki."

Madam akasema, "Halas, yaishe." Akaniamuru nitupe kifurushi baharini, nimrudishe Mwikali Riyadh siku hiyo hiyo. Haraka hiyo sikuipenda. Mtu aliyeogopa kulogwa angeita shehe kwanza amsomee.

Njiani Mwikali hakutania hata kidogo. "Mzee, kabla yangu alikuwepo nani?"

Alikuwepo Roselyne, aliyesuka nywele za dukani kila mwisho wa mwezi. Tuliambiwa amerudi kwao. Lakini dereva wa nyumba ni mimi, na sikumpeleka uwanja wa ndege.

Niliporudi nikamuuliza madam, kwa adabu, nikitazama chini: Roselyne alipelekwa na nani? Akanyoosha mkono, akataka funguo za gari.